Tupeane uzoefu: rangi za tovuti zinazosomeka kwenye kila simu

Wakuu, naomba sisi tunaotengeneza tovuti hapa Dodoma na mikoa jirani tupeane uzoefu wa kuchagua rangi, kwa kuwa rangi tunazozichagua ofisini kwenye kompyuta nzuri huishia kusomwa juani, kwenye simu ya bei nafuu.

Naanza mimi. Walionifundisha kazi walishikilia zile rangi 216 za miaka ya 1990, na walikuwa na sababu: kompyuta nyingi za wakati huo zilionyesha rangi 256 tu kwa mpigo, hivyo vivinjari vilitegemea rangi zinazopatikana kwa kugawa nyekundu, kijani na bluu katika ngazi sita kila moja. Rangi iliyokuwa nje ya hizo iliigizwa kwa kuchanganya vidoa vya rangi nyingine, na picha ikaonekana kama imemwagiwa mchanga. Leo simu za kawaida huonyesha rangi zaidi ya milioni 16, na kinachotusumbua ni tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandhari yake. Mteja wangu, mkulima wa zabibu wa Hombolo, alitaka bei ziandikwe kwa kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe. Kijivu hicho kimo katika zile 216, lakini uwiano wake wa mwanga na nyeupe ni 2.85 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nilimpendekezea zambarau #663399, inayofikia 8.4 kwa 1, kisha tukatoka naye hadi shambani saa saba mchana, mwangaza wa simu yake ukiwa umepunguzwa ili kutunza chaji, naye akanisomea bei zote bila kukinga kioo kwa mkono.

Kutoka Kisasa: Shukrani, mkuu. Nilitengeneza ukurasa wa matokeo ambao mwenye kazi aliagiza waliofaulu wawe kijani na waliofeli wawe nyekundu. Mwalimu mmoja aliuliza zipi ni zipi, kwa sababu macho yake hayatenganishi rangi hizo mbili. Tuliongeza neno “Amefaulu” au “Amefeli” mbele ya kila jina, na tangu hapo siruhusu rangi peke yake ibebe taarifa.

Kutoka Kongwa: Kwangu tatizo ni picha. Simu za gharama hupiga kwa wigo mpana wa rangi, na maelezo ya wigo huo yakipotea picha inapopunguzwa ukubwa, rangi hufifia. Huwa naigeuza kwanza kuwa sRGB, wigo wa kawaida wa rangi kwenye tovuti.

Kutoka Singida: Wauza mafuta ya alizeti wanaipenda njano #FFCC00 na hawakubali kuiacha. Maandishi ya njano hiyo juu ya nyeupe ni 1.5 kwa 1, hayasomeki kabisa. Nilichofanya ni kuigeuza njano iwe mandhari na herufi ziwe nyeusi, uwiano ukapanda hadi karibu 14 kwa 1, na mteja akabaki na rangi yake.

Mwanzisha mada: Singida, hiyo nimeichukua. Je, kuna aliyepima rangi zake kwenye simu zilizowekwa hali ya usiku?