Farasi wangu wa miaka 21 anatoka bandani amekakamaa, nimsaidieje viungo vyake?

MamaZabibu

Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Nina farasi jike anaitwa Zabibu, ana miaka 21 na niko naye tangu akiwa na 9, nimempanda muda wote huo na sijawahi kumuona hivi. Tangu mwezi jana nikimtoa bandani asubuhi hatua za kwanza ni fupifupi, miguu ya nyuma imekaza kama mbao, halafu akishatembea dakika kumi hivi anafunguka, ukimuona hapo huwezi kudhani ana shida. Kumgeuza kwenye mduara mdogo ndo kazi, hasa kushoto. Hachechemei wazi na anakula vizuri, ila juzi fundi wa kwato alipomnyanyua mguu wa nyuma wa kulia aliunyang'anya akaurudisha chini mara tatu, na huyu ni farasi ambaye zamani alikuwa anasinzia kabisa akitengenezwa kwato. Jirani yangu anasema nimpumzishe bandani mpaka apone na nimnunulie unga wa glukosamini, ule unaouzwa kwa ajili ya viungo. Ni sawa? Na ndo basi nisimpande tena? Nampenda sana huyu mnyama sitaki nimuumize bila kujua.

Mzee_wa_Hatamu

Pole sana mama Zabibu. Kumfungia bandani hapana, jirani ana nia njema ila hapo kakupoteza. Gegedu halina mishipa ya damu, linalishwa na ule ute wa ndani ya kiungo, na ute unaingia na kutoka pale mnyama anapotembea, sasa farasi mzee akisimama usiku kucha lazima atoke amekakamaa. Huyo anataka kukaa nje muda mrefu kadiri unavyoweza, atembeetembee mwenyewe huku anakula.

Mimi wangu nilimpanda mpaka miaka 25 na kilichotusaidia ni kuanza polepole, dakika 20 nzima kutembea tu, hatamu imelegea, ndo tuanze mchakamchaka, na mwisho tena kutembea mpaka apoe. Afadhali nusu saa siku tano kwa wiki kuliko kukaa bure wiki nzima halafu Jumamosi unampiga shoti masaa mawili, hiyo ya Jumamosi ndo inawamaliza wazee. Miduara midogo acha kwanza, na kumzungusha kwa kamba pia acha. Ardhi ngumu sana inagonga viungo, mchanga wenye kina unavuta kano za miguu, tafuta iliyo katikati.

FundiKwato

Naongea kama fundi. Kama anavaa viatu, vile vya nyuma vilivyotolewa juzi unavyo bado? Viangalie mbele pale kwenye ncha. Kama chuma kimelika ncha tu na kisigino bado kinene basi anaburuta mguu, hanyanyui vizuri, na mara nyingi hiyo inaonekana kwenye kiatu kabla mwenyewe hujaiona kwenye mwendo. Kama hana viatu basi ukwato wenyewe mbele utakuwa umesagika bapa.

Pia usimuache wiki nane au kumi bila kutengenezwa, kwa mzee kama huyo mimi naenda kila wiki 5 au 6. Ncha ikirefuka mguu unachelewa kubinuka kila hatua na kiungo kinabeba mzigo wa bure. Na mwambie fundi wako asimvutie mguu pembeni wala kuupandisha juu sana, aushike chini karibu na ardhi, afanye kidogo, aushushe, apumzike, arudi tena. Kunyang'anya mguu sio ukorofi, anakwambia panauma. Nimeona wanapigwa kwa hilo na linanisikitisha sana kwa kweli.

DaktariWaWanyama

Dada, kabla ya kununua chochote jua kwanza ni kiungo gani. Daktari atamwangalia akitembea na kwenye mchakamchaka, atamkunja mguu kama dakika moja halafu aone anavyoondoka, kisha eksirei. Kwa ulivyoeleza mimi ningeanza na kile kiungo cha mguu wa nyuma kilichochomoza kwa nyuma, wengi wanakiita goti ingawa kimifupa ndo kifundo chetu cha mguu. Viungo vidogo vya chini pale vinashikwa sana na baridi yabisi kwa farasi wa kupandwa. Sasa vile havina mwendo mkubwa, vingine baada ya muda mifupa inaungana na maumivu yanapungua, kwa hiyo usikate tamaa.

Kuhusu unga wa glukosamini na kondroitini nakwambia ukweli, ushahidi kwa farasi ni dhaifu. Ukitaka kumpa mpe, ila usitoe hela ya eksirei ukanunulia unga. Mafuta yenye omega-3 yana matumaini zaidi kidogo. Kinachonipa uhakika kuliko vyote hivyo ni uzito, pitisha kiganja ubavuni, mbavu uzisikie kirahisi bila kuzibonyeza na usizione kwa macho. Kila kilo ya ziada inabebwa na viungo hivyohivyo.

Dawa ya maumivu kama fenilbutazoni inasaidia sana lakini kwa kipimo cha daktari, inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na USICHANGANYE na dawa nyingine ya jamii hiyo. Daktari akitaka kumchoma sindano ya steroidi ndani ya kiungo, mwambie umri wake na kama manyoya yamekuwa marefu hayapukutiki, maana wazee wengi wana shida ya tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, na hao wako kwenye hatari kubwa ya kuvimba ndani ya kwato, shida hiyo ya tezi inapimwa kwa damu kwanza.

MamaZabibu

Wakuu nimerudi. Viatu nilivikuta, ncha imelika kabisa hasa ule wa kulia, nikajisikia vibaya maana nilikuwa navitupa tu kwenye ndoo bila kuangalia. Dokta kaja jana, eksirei inaonyesha ni vile viungo vya chini miguu yote miwili ila kulia zaidi, damu kachukua tunasubiri. Kasema atembee kila siku, kapewa dawa ya wiki mbili. Tangu nianze kumuacha nje usiku asubuhi ananifuata getini mwenyewe, bado hatua fupi lakini anakuja. Swali, wakati yuko kwenye dawa nimpande?

DaktariWaWanyama

Mtembeze kwa mkono hizo wiki mbili, dawa inaficha maumivu na unaweza kumzidishia bila yeye kukwambia. Ikiisha muangalie siku kadhaa bila dawa, akitembea vizuri anza kumpanda dakika 15 mwendo wa kutembea tu. Na mwite mtu wa matandiko aangalie mgongo, farasi akizeeka misuli ya juu inapungua na tandiko lililomkaa vizuri miaka mitano iliyopita saivi linaweza kuwa linambana.