Mamothi waliisha lini hasa?

Wakuu hivi wale tembo wa manyoya waliisha lini? Tulifundishwa miaka 10,000 ila nimesikia wengine walikuwepo piramidi zinajengwa, kweli au kamba?

— Kweli mkuu, bara waliisha zamani ila kisiwa cha Wrangel kule Siberia walidumu mpaka kama miaka 4,000 iliyopita, na piramidi kubwa ya Giza ina kama 4,500, piga hesabu mwenyewe

— Mi aliyenimaliza ni katoto ka mamothi kanaitwa Lyuba, kalipatikana Urusi 2007, miaka kama 42,000 kwenye barafu ngozi bado ipo, maziwa ya mama tumboni, tope limejaa mkongani. Kana mwezi mmoja tu jamani 😢

— Na masikio yao madogoo, sio kama ya hawa wa Mikumi, baridi ile sikio kubwa ungekufa nalo