Texas: tangazo la kukataza silaha lipo mlango mmoja, mwingine halipo. Naombeni ushauri

Boksi_Dallas
Habari zenu wakuu. Niko Dallas, nina grini kadi, na nimenunua bastola kihalali: fomu nilijaza dukani, jina likapitishwa FBI, likatoka safi. Leseni ya kubeba sina, maana tangu Septemba 2021 Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea kubeba bila leseni, ilimradi sheria haimzuii kumiliki silaha.

Kinachonichanganya ni jumba la maduka ninakopiga kazi ya jioni. Mlango wa upande wa sinema una tangazo refu la maandishi, Kiingereza na Kihispania. Mlango wa duka la viatu una stika tu, picha ya bastola iliyokatwa na mstari mwekundu. Mlango wa nyuma hauna kitu. Nikipita nyuma nikiwa nayo kiunoni, ndani ya shati, nina kosa? Kazi inaisha usiku na paking ina giza, ndiyo maana nauliza. Mke wangu hataki hata kuiona, lakini hilo tutalimaliza wenyewe.

Mzee_wa_Galveston
Mkuu, rudi pale mlango wa sinema usome namba. Kila kitu kiko kwenye namba.

Hizo ni namba za vifungu vya sheria ya jinai ya Texas. 30.06 inamhusu mwenye leseni aliyeficha bastola. 30.07 inamhusu mwenye leseni anayeibeba waziwazi. Wewe usiye na leseni unaangukia 30.05, kifungu cha kuingia mali ya mtu bila ruhusa. Ndiyo maana milango mingine ina matangazo matatu yamepangana kama kalenda za dukani.

Tangazo lenyewe lina masharti: lugha zote mbili, herufi kubwa zisizopungua inchi moja kwa urefu, rangi inayotofautiana na ukuta, na liwe mahali linapoonekana. La 30.05 na la 30.07 yanatakiwa kila mlango wa kuingilia. Stika ya picha haitoshi kumbana mwenye leseni kwa 30.06. Kwa asiye na leseni mimi nisingeitegemea, kwa sababu 30.05 ni kifungu kipana; onyo linaweza kutolewa kwa njia nyingine pia. Na wewe tangazo la mlango wa sinema umeshaliona kwa macho yako. Utamwambia nini hakimu, kwamba hukujua?

Ngosha_Plano
Mnamtisha mwenzenu bure. Kosa la kupita tangazo ni la daraja C, la chini kabisa, faini isiyozidi dola 200. Bastola ikifichwa vizuri nani ataiona? Mmesahau Greenwood, Indiana, Julai 2022? Jumba lilikataza silaha, lakini kijana wa miaka 22 aliyekuwa nayo ndiye aliyemmaliza muuaji pale eneo la chakula. Angetii kibao wangekufa wangapi?

Shangazi_Houston
Ngosha, wewe ni raia, ndiyo maana unaongea hivyo. Indiana haina sheria ya tangazo kama hii ya Texas, kwa hiyo usichanganye mambo. Halafu hizo dola 200 ni pale ambapo umepita tu. Ukiambiwa kwa mdomo utoke ukabisha, linapanda kuwa daraja A: hadi mwaka mmoja jela na faini hadi dola 4,000.

Mdogo wangu Boksi, nisikilize. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inayataja makosa ya silaha kama sababu ya kumfukuza nchini hata mwenye grini kadi. Haisubiri liwe kosa kubwa. Kukutwa na hatia ya kubeba kinyume cha sheria kunaweza kukupeleka mbele ya hakimu wa uhamiaji, uombe kubaki kwenye nchi uliyojenga maisha. Kabla ya kuivaa kiunoni, mlipe wakili wa uhamiaji saa moja. Si rafiki wa kijiweni.

Na wanafunzi wa viza ya F-1 mnaosoma kimya kimya hapa: ninyi hata kuigusa hamruhusiwi na sheria ya shirikisho, labda mwenye leseni halali ya uwindaji au misamaha mingine michache. Texas kuruhusu hakubadilishi hilo.

Wa_Kiambu
Huku Nairobi tangu Westgate mlangoni unapapaswa na mlinzi na gari linaangaliwa kwa kioo chini. Hiyo ya kusoma ukuta ndio ujue kama umeingia makosani ni ngeni kwangu kabisa.

Boksi_Dallas
Shangazi, shikamoo, na asante. Hilo la uhamiaji sikuwahi kuambiwa na muuza duka. Sasa nikiiacha kwenye gari nikiwa kazini? Bosi anasema hataki silaha. Na Desemba tunaenda Chicago kwa shemeji, tutakwenda kwa gari.

Mzee_wa_Galveston
Ndani ya jengo bosi ana haki ya kumkatalia mfanyakazi, hata mwenye leseni. Kwenye gari lako binafsi lililofungwa ni habari nyingine: tangu 2011 sheria ya kazi ya Texas inamzuia mwajiri kukukataza kuiweka humo hata kwenye paking yake, isipokuwa sehemu chache kama shule na baadhi ya viwanda vya kemikali. Isionekane dirishani, wezi wa paking za maduka wanazitafuta hizo kuliko redio. Ukitoka kazini ukapitia baa yenye tangazo jekundu la 51%, yaani sehemu ambayo mapato yake mengi ni ya pombe inayonywewa hapo hapo, ibaki garini. Hapo hatuzungumzii dola 200 tena.

Chicago iache nyumbani. Illinois hawana mpango wa kubeba bila leseni. Na ile stika uliyoidharau, picha ya bastola na mstari mwekundu? Kule ndiyo tangazo rasmi lenyewe, inchi 4 kwa 6, limechorwa na polisi wa jimbo.