Ngozi ya nyoka, gamba la kujivua au ngozi ya mbuta kwenye kalamu za kukereza: nichague ipi?

Mkerezaji wa Menengai aliandika:

Hamjambo wanajukwaa. Ninakereza kalamu hapa Nakuru, na nimepata oda ya kalamu kumi na mbili ambazo mteja anataka ziwe na kitu cha porini ndani yake, si mti peke yake. Nimefikiria njia tatu: ngozi ya nyoka iliyodabighiwa, gamba ambalo nyoka amejivua mwenyewe, na ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, kutoka Kisumu. Yoyote nitakayoichagua nitaizungusha kwenye mrija wa shaba, niigandishe ndani ya rezini isiyo na rangi (ile plastiki ya kumimina inayoganda ikawa ngumu), kisha niikereze. Ninaomba wenye uzoefu waniambie ipi inashika vizuri zaidi, kwa sababu ni lazima ninunue vifaa kabla ya mwisho wa wiki ijayo.

Patasi wa Kitale aliandika:

Ndugu Mkerezaji, umetuletea swali nusu na unataka jibu zima. Kalamu ni ya aina gani, ile nyembamba ya mrija wa milimita 7 au nene? Rezini ni ya epoksi, ya poliesta au ya poliyurethani? Una tangi la shinikizo la kubana viputo vya hewa au unamimina tu na kuomba Mungu? Na nyoka mwenyewe ni yupi, na umempata wapi? Bila majibu hayo, kila mtu hapa atakushauri juu ya kalamu yake, si yako.

Mimi, kwa upande wangu, ningemshawishi mteja achukue mutamaiyo, yaani mti wa mzeituni mwitu. Ukipata kipande cha karibu na shina, chenye ile michirizi myeusi, hakuna gamba la mnyama yeyote litakalokishinda, na hakikudai rezini hata tone moja.

Mkerezaji wa Menengai aliandika:

Ninashukuru, na ninaomba radhi kwa kuficha mengi. Kalamu ni nyembamba, za milimita 7. Rezini bado sijanunua. Kompresa ninaazima kwa jirani anayepaka magari rangi, lakini tangi sina. Nyoka ni kifutu aliyeuawa mwaka jana katika ghala la mahindi la jamaa yangu huko Bahati. Nilimchuna mwenyewe, nikaipaka ngozi chumvi na kuitandaza juu ya ubao. Mteja ni bodi ya shule inayowaaga walimu wanane wanaostaafu, na kalamu nne zitapewa wageni wanaorudi Kanada.

Mwalimu wa Shinyalu aliandika:

Bwana Mkerezaji, maneno yako ya mwisho yamenifanya niweke kikombe cha chai chini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu ngozi kuwa nyara, mnyama awe ameuawa na nani, na inamtia hatiani si muuzaji tu bali pia anayetengeneza kitu kutokana na nyara hiyo bila kibali. Kwamba kifutu aliingia ghalani mwenyewe hakukupi ruhusa ya kumgeuza bidhaa. Na msifikirie kwamba atakayenunua ngozi ya chatu iliyodabighiwa nchi za nje amepona, kwa maana chatu wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ngozi yao haivuki mpaka kihalali bila karatasi zake.

Sasa wageni wako wanne watasimama mbele ya afisa wa forodha wakiwa na kalamu yenye ngozi ya nyoka mfukoni. Watamwambia nini? Kuhusu gamba la kujivua, usichukue neno la mtu yeyote wa mtandaoni, pamoja na langu. Nenda katika ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, iliyo karibu nawe, uulize, na uombe jibu kwa maandishi.

Fundi wa Kondele aliandika:

Mwalimu amesema ya sheria, nami niseme ya karakana, kwa sababu niliwahi kuingia katika shimo hilo hilo.

Miaka michache iliyopita, kabla sijajua lolote kuhusu vibali, niliagizwa kalamu sita za arusi. Mtu mmoja aliniletea gamba ambalo swila alikuwa amejivua, refu na kamili hadi kwenye ngozi ya jicho. Nililiroweka katika gliserini na spiriti ili lilainike, kama nilivyoona watu wakifanya, nikalianika siku moja, nikaligandisha kwa gundi kwenye mirija sita, kisha nikamimina rezini ya poliyurethani. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na walio Kisumu wanajua hewa ya ziwani inavyokuwa wakati wa mvua: hata chumvi jikoni inalia machozi. Rezini ya aina hiyo haivumilii maji hata kidogo. Dakika chache baada ya kumimina niliona povu jeupe likipanda kutoka kwenye gamba kama maziwa yanayotaka kuchemka, na ilipokauka nilikuwa na vipande sita vya sifongo.

Nikaanza upya kwa epoksi, ambayo haina haraka hiyo. Safari hii hapakuwa na povu, na nilijiona fundi. Lakini gliserini niliyokuwa nimeitia kwa moyo wote ilikuwa bado imo ndani ya gamba, na rezini haishiki penye utelezi huo. Nilipofika nusu ya kukereza kipande cha pili nikasikia mlio mdogo, tik, nikasimamisha mashine. Kulikuwa na doa la fedha chini ya rezini, upana wa ukucha, mahali ambapo gamba lilikuwa limeachana na rezini, na kila nilipogusa kwa patasi doa lilikua. Kipande cha nne kilibanduka chote kama ganda la yai lililochemshwa, kikapita sikioni mwangu na kupiga bati la ukuta. Tangu siku hiyo sisimami mbele ya mashine bila kinga ya uso mzima.

Nilifanikiwa kumaliza kalamu mbili. Ya kwanza niliikereza ikawa nyembamba mno hadi nikakata vichwa vya magamba. Ya pili ilitoka safi, ikakabidhiwa mjomba wa bibi arusi, mzee kutoka Nyakach. Aliitazama, akauliza ni nini, akaambiwa, akairudisha ndani ya kisanduku kwa ncha za vidole viwili. Pesa ya oda nilirudisha yote.

Binti wa Nyakach aliandika:

Fundi, mzee yule hakukudharau. Kwetu nyoka si pambo. Omieri, chatu wa Nyakach, alipoungua katika moto wa nyika mwaka 1987 na kupelekwa Nairobi kutibiwa, watu walilia kama wamefiwa, maana chatu yule alihesabiwa kuwa dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 2003 alipoonekana chatu mwingine, watu walitoka mbali kwenda kumtazama akiatamia mayai yake. Sasa umpe mzee wa huko kalamu yenye ngozi ya nyoka atie sahihi hundi ya mahindi!

Bwana Mkerezaji, kabla ya kuuliza rezini, uliza wanaostaafu ni watu wa wapi.

Patasi wa Kitale aliandika:

Dada, kwa heshima zote, Omieri alikuwa chatu, na swila wa Fundi hakuwa na undugu naye. Hapa Kitale watu wanaingia makumbusho kutazama nyoka wakiwa hai na hakuna anayelia. Tusimfunge mtu wa Nakuru kwa desturi ya Nyakach.

Binti wa Nyakach aliandika:

Kutazama nyoka akiwa hai na kumshika akiwa amekuwa kalamu ni mambo mawili, kaka yangu. Tena sijamfunga mtu. Nimesema aulize.

Mama wa Dunga aliandika:

Wanangu, mnapigana juu ya nyoka na samaki yupo. Mimi nimeshona mikoba na pochi za ngozi ya mbuta kwa muda mrefu, ngozi ambazo viwanda vya minofu vinabaki nazo baada ya kutoa nyama. Mbuta mwenyewe ni mgeni, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, kwa hiyo hana wazee wa kumtetea. Ngozi ikidabighiwa vizuri haina harufu hata kidogo, na mahali ambapo kila gamba lilikaa panabaki mfuko mdogo, mdomo wake wazi, ambao ukipitisha kidole kuelekea kichwani unasimama na ukirudisha kuelekea mkiani unalala. Huo ndio uzuri wake.

Lakini nikuambie ukweli, mwanangu, kwa kalamu nyembamba utapata shida. Ngozi ya mbuta mkubwa ni nene, na mifuko yake ni mipana mno kwa mzunguko wa kalamu yako, hivyo utaona mfuko mmoja na nusu na mtu atadhani ni kovu. Tafuta ngozi ya ngege (tilapia) au ya mbuta mdogo, kisha mwombe mtu wa viatu aiparue upande wa nyuma hadi iwe kama karatasi ya bahasha.

Fundi wa Kondele aliandika:

Mama amegusa penyewe. Katika kalamu ya milimita 7 nafasi kati ya mrija na uso wa mwisho wa kalamu haifiki milimita moja, na ndani ya nafasi hiyo unataka kuingiza gundi, ngozi na rezini ya kutosha kukereza na kupiga msasa. Magamba ya kifutu yana ukingo katikati, hayalali, kwa hiyo ngozi yako hata ingekuwa na kibali ingekushinda kwa unene. Hamia kalamu nene, halafu kausha ngozi mpaka uchoke kuikausha. Mifuko ya samaki inaficha hewa, kwa hiyo tangi ni lazima, pauni 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba mpaka rezini ishike. Na usichukue ndoo au mtungi wowote wa bati ukauunganisha na kompresa ya jirani. Tumia chombo kilichotengenezwa kubeba shinikizo hilo.

Patasi wa Kitale aliandika:

Kalamu nene, tangi, ngozi, rezini, mtu wa viatu. Bado hamjaona kwamba mutamaiyo ungekuwa umekwisha kung'arishwa saa hii?

Mkerezaji wa Menengai aliandika:

Nimewasikia wote. Ngozi ya kifutu nimeiondoa katika mpango, na Jumatatu nitakwenda KWS kuuliza pia niifanyeje hiyo iliyo kwenye ubao, kwa kuwa sasa hata kulala nayo nyumba moja kunanitia wasiwasi. Nimempigia mwenyekiti wa bodi, na amekubali kalamu nene mradi bei isipande, jambo ambalo bado hatujaafikiana. Mama wa Dunga ameahidi kunitumia ngozi mbili za ngege kwa matatu, nami nitajaribu moja kwanza. Nimebaki na swali moja: mahali ncha mbili za ngozi zinapokutana, shaba inang'aa kwenye ufa. Niupake mrija rangi gani?

Fundi wa Kondele aliandika:

Nyeusi, na ufa uufiche chini ya klipu.

Mama wa Dunga aliandika:

Nyeusi itaonekana kama mshono uliofumuka. Subiri ngozi ifike, uchanganye rangi inayofanana nayo.

Patasi wa Kitale aliandika:

Mti hauna ufa.