Yangeyange kumi na wawili wa magugu maji: mota zinashindwa ndege wakiinua shingo pamoja

Mwanakikundi, Kisumu:

Hamjambo wataalamu. Sisi ni wanafunzi tisa wa sanaa na uhandisi, na baada ya wiki tatu tutaweka kazi yetu kwenye maonyesho ya siku tatu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tumesuka yangeyange kumi na wawili kwa mashina makavu ya magugu maji tuliyoyatoa ufukweni Dunga. Kila ndege ana mota moja ya servo (inayogeuka hadi pembe inayoamriwa na kushikilia hapo) aina ya MG996R shingoni, na mgeni akifika umbali wa mita moja na nusu, kundi zima huinua shingo na kumtazama.

Mezani, kila ndege akijaribiwa peke yake hana tatizo. Tukiwaunganisha wote, Arduino, yaani kompyuta ndogo inayoziamrisha mota, inazima na kujiwasha upya, ndege wa mwisho wa safu wanatetemeka tu, na baada ya saa moja baadhi ya mota hazishikiki kwa moto. Zaidi ya hayo, sensa zetu mbili za HC-SR04, zinazopima umbali kwa mwangwi wa sauti isiyosikika, hudai kuna mtu ilhali ukumbi ni mtupu. Pawa saplai yetu ni ya volti 5 na ampea 10, na waya ni zile nyembamba za ubao wa kujaribia. Mwenzetu anashauri tununue pawa saplai kubwa zaidi, lakini mfuko umebaki na pesa za vanishi tu. Tuanzie wapi?

Fundi wa Kibuye:

Kijana wangu, usinunue chochote kabla ya kupima volti kwenye ndege wa mwisho wakati wenzake wanasogea. Tuseme waya zenu zina unene wa milimita mraba 0.2 na ndege huyo yuko mita 4 kutoka kwenye pawa saplai: umeme unasafiri mita 8, kwenda na kurudi, na ukivuta ampea 3 utapoteza takribani volti 2 njiani. Mota inayopaswa kupata volti 5 inapata 3, ndiyo maana inatetemeka. Nunueni mita chache za waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule ule unaofungiwa soketi za nyumba, na upotevu huo utashuka hadi chini ya robo ya volti. Umeme wa mota usipite kabisa kwenye ubao wa kujaribia.

Arduino nayo ipeni chanzo chake, hata chaja ya simu inatosha, ila waya hasi wa vyanzo vyote viwili lazima uunganishwe. Msipofanya hivyo, mota hazitaielewa ishara. Kisha rekebisheni programu. Mota moja ya aina hiyo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 2 inapokwama au inapoanza kunyanyua mzigo, kwa hiyo kumi na mbili zikianza kwa pamoja mnadai ampea 24 kutoka kwa chombo cha ampea 10. Mkiacha sehemu ya sekunde, tuseme 0.15, kati ya ndege mmoja na mwingine, watakaokuwa wakinyanyuka kwa wakati mmoja hawatazidi wanne. Isitoshe, yangeyange halisi hawainui shingo kwa amri moja kama askari wa gwaride.

Mwalimu wa sanaa, Kakamega:

Namuunga mkono Fundi, nami niongeze juu ya huo moto. Mota ya servo inayoshikilia shingo juu inafanya kazi hata ikiwa haisogei. Fungeni chubwi za mshipi wa kuvulia nyuma ya egemeo la shingo hadi ndege akae karibu na mizani yake mwenyewe, kisha mgeni akiondoka shingo ishuke na programu ikate ishara ili mota ipumzike. Vanishi pakeni mapema, kwa sababu magugu maji makavu hunyonya unyevu, na shingo mliyoisawazisha mchana wa jua itakuwa nzito zaidi baada ya mvua ya jioni.

Wawekeeni wageni kamba. Hata hivyo, tabia ya mashine yenyewe inaweza kuwafundisha watu namna ya kuikaribia: Senster, sanamu ya roboti ya msanii Edward Ihnatowicz, iliyowekwa Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1970, ilivutwa na sauti za chini na kujitenga na kelele. Fikirieni ndege wanaoinama mtu akikaribia kwa kasi.

Msomaji, Nakuru:

Mwalimu aniwie radhi, kamba itaua kazi hii. Watoto watapita chini yake, nao watu wazima watabaki mbali kuliko sensa inavyofika. Inueni jukwaa badala yake.

Kuhusu sensa, nadhani zinasikia mwangwi wa kila mmoja. Zipigeni kwa zamu, mkiacha milisekunde 60 hivi katikati, na msikubali kuwa kuna mtu mpaka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane. Halafu jaribuni jambo ambalo wengi hulisahau: zimeni umeme kwenye soketi na muuwashe ghafla. Stima ikikatika na kurudi katikati ya maonyesho, ndege wote wataruka kwa mpigo mmoja msipoandika mwanzo wa programu wa kuwaamsha mmoja mmoja.

Mwanakikundi, Kisumu:

Asanteni sana, wakubwa zetu. Tulipima jana: ndege wa mwisho alikuwa akipata volti 3.1. Tumebadilisha waya na kuwapa ndege zamu, na leo wamefanya kazi saa nne mfululizo bila Arduino kuzima. Sensa zimetulia. Kuhusu kamba kikundi bado kimegawanyika, ingawa seremala ametukubalia mbao za jukwaa kwa mkopo. Ndege wa saba peke yake bado anapata moto. Tumegundua kwamba chubwi yake inagusa fremu, nasi tutamfungua kesho asubuhi kabla ya kupaka vanishi.