Naomba ushauri: nyota za pambano la Samoa Joe na Kobashi

Wakuu, salaam. Naandaa uhakiki wa onyesho la Ring of Honor, kampuni ya mieleka ya Marekani, lililofanyika New York, 1 Oktoba 2005, pambano moja baada ya jingine. Nimekwama kwa Samoa Joe na Kenta Kobashi. Dave Meltzer, mwandishi wa mieleka anayepima mapambano kwa nyota, alilipatia nyota tano. Mbinu zenyewe si nyingi: uti wa mgongo ni makofi ya kifuani, Kobashi akimbana Joe kwenye kona na kumchapa mfululizo mpaka ngozi inaiva. Ukumbi ndio unaolibeba, maana mashabiki wamepagawa hata kabla wawili hao hawajagusana.

Nimeligawa hivi: hadithi, utekelezaji, kasi, mwitikio wa mashabiki. Nikizima sauti ya DVD, linashuka hadi nyota nne na robo. Nikiandika kila mbinu kwa mpangilio, msomaji anabaki na orodha tu, msisimko haumfikii.

Je, kelele za ukumbi mnazihesabu kwenye nyota, au mnazitaja pembeni? Na mapambano ya utangulizi niyapime kwa kipimo hichohicho, au kwa kazi yake ya kuwapasha watu moto?