Mjadala: Uprofesa wenye jina la daktari wa upasuaji, hela yake inunue nini?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Daktari bingwa wa upasuaji anastaafu akiwa na sifa kubwa. Wagonjwa aliowatibu, wanafunzi wake na tajiri mmoja au wawili wanachanga, kisha shule ya tiba inatangaza kiti cha uprofesa chenye jina lake. Kuna wanaosema hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Wengine wanasema ni kumtukuza mtu mmoja huku wanafunzi wakishindwa ada.

Mimi sina shida na kiti. Nina shida na matumizi ya hela yake.

Kwa wasioujua utaratibu, huu ni wakfu. Mtaji hauguswi, unawekezwa, na kila mwaka chuo kinachota sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 4 au 5. Kwa hiyo dola milioni 2 zinazotangazwa kwa mbwembwe zinatoa dola 80,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Mtindo wenyewe ni wa kale: Lady Margaret Beaufort aliweka wakfu wa kufundishia dini Oxford na Cambridge mwaka 1502, na viti vile vipo hadi leo.

Sasa hizo 80,000 zinakwenda wapi? Mara nyingi kiti anapewa bingwa ambaye tayari yumo idarani na tayari analipwa. Wakfu unabeba sehemu ya mshahara wake, bajeti ya idara inapumua, naye anaendelea na ratiba ileile. Kilichobadilika ni cheo chini ya sahihi yake.

Upasuaji haufundishwi kwa mihadhara pekee. Ukimwachia anayesomea ubingwa ashike kisu, wewe ukabaki upande wa pili wa meza kumpanulia jeraha, operesheni ya saa moja inaweza kufika saa moja na nusu. Anafunga fundo, linalegea, unamwambia akate aanze upya. Kumi zaidi wanasubiri kwenye orodha, na uongozi unahesabu waliopasuliwa, hauhesabu mafundo. Muda huo ndio wakfu uununue: hati iseme kwamba siku moja kila wiki mwenye kiti hana wagonjwa wake, kazi yake ni kusimama na wanafunzi tu. Karibuni.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, umeliruka suala la jina. J. Marion Sims aliitwa baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake, akawekewa sanamu New York. Upasuaji wake wa fistula aliujaribia kwa wanawake watumwa kule Alabama miaka ya 1840, tena na tena, bila dawa ya usingizi. Sanamu iliondolewa Central Park mwaka 2018. Sanamu unaipakia kwenye lori. Wakfu wenye hati ya kisheria utaupakia wapi? Wapeni wanafunzi ada, yaishe.

Mchangiaji wa 2:
Na hakuna anayepasua peke yake. Mwaka 1944 pale hospitali ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, daktari Alfred Blalock alipompasua kwa mara ya kwanza mtoto aliyekuwa anageuka bluu kwa kasoro ya moyo, nyuma yake alisimama Vivien Thomas akimwelekeza. Thomas, mtu mweusi asiye na shahada, ndiye aliyekuwa ameufanyia kazi upasuaji ule maabara, kwa mbwa. Majina yaliyobandikwa kwenye upasuaji ule ni Blalock na Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto. Chuo kilimpa Thomas shahada ya heshima mwaka 1976. Kiti cha jina moja kinaendeleza dhuluma ileile.

Mleta mada:
Wa 1, dawa ya jina ni kuliwekea muda. Miaka 30, kisha chuo kiwe huru kulibadilisha, mtaji ubaki. Ada nayo inamwingiza mwanafunzi darasani. Akishaingia, nani atamfundisha kushona mshipa?

Wa 2, mfano wako unanisaidia mimi. Thomas alifundisha madaktari wengi wa upasuaji, Denton Cooley akiwa mmoja wao. Ndiyo maana sitaki hati iseme kiti ni cha "bingwa mashuhuri". Iseme ni cha mwalimu.

Mchangiaji wa 3:
Unacheza na moto. Ukizoesha masharti, mtoaji naye ataleta yake. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Yale walirudisha dola milioni 20 za tajiri Lee Bass, zilizokuwa za masomo ya ustaarabu wa Magharibi, baada ya yeye kutaka kuwa na kauli katika uteuzi wa walimu.

Mleta mada:
Yale walifanya vizuri, ingawa najua ilivyouma. Lakini sharti la nani akae si sawa na sharti la afanye nini. La kwanza ni la idara peke yake. La pili mtoaji ana haki nalo, na kila mwaka aletewe hesabu ya siku zilizofundishwa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Mkuu wa idara akilalamika kwamba wagonjwa watapungua, amwambie mtoaji mapema, kabla hundi haijaandikwa.

Mlio thieta, siku moja kwa wiki inatosha, au najidanganya?